Msindikizaji Asiyegusa Mzigo: Uhakiki wa Dhana ya Mkataba katika Lugha za Programu

Kuna ahadi moja inayorudiwa katika maandishi ya wataalamu wa lugha za programu, na wengi wetu huipokea bila kuiuliza maswali. Ahadi yenyewe ni kwamba mkataba wa programu ni mkaguzi asiyegusa kitu. Programu ikienda sawa, mkaguzi hunyamaza, na matokeo huwa yaleyale ambayo yangepatikana kama asingekuwapo. Programu ikikosea, mkaguzi huisimamisha na kumtaja aliyekosea. Basi. Harekebishi, hakadirii, hajazi pengo. Makala hii inaihakiki ahadi hiyo. Nakubali kwamba ni ahadi nzuri, na kwamba wapo waliojitahidi kuitimiza kuliko wenzao. Ila naona imeandikwa kwa namna inayoficha mambo mawili makubwa, na mtu aliyekulia Nakivale ana sababu ya kuyaona upesi kuliko yule aliyekulia mahali ambapo hakuna anayepanga foleni ili ithibitishwe kwamba yeye ndiye yeye.

Kwa wenzangu wa Kiswahili ambao hawajawahi kuandika programu, nianze na mfano. Tuchukue fanksheni inayokokotoa mgao wa posho wa kaya moja. Inapokea idadi ya watu, inarudisha kilo. Mkataba wake una pande mbili: anayeiita ataleta namba nzima isiyopungua 1, nayo itarudisha kilo zisizo chini ya sifuri. Mtu akileta sifuri au akileta jina badala ya namba, kosa ni la aliyeita. Fanksheni ikirudisha kilo hasi, kosa ni lake yenyewe. Neno letu “mkataba” linafaa sana hapa, labda kuliko lile la Kiingereza, kwa sababu katika masikio yetu mkataba ni jambo lililoandikwa, lenye watu wawili, na kila mmoja ana wajibu wake. Ahadi ni deni, na deni lina mwenyewe.

Aliyeupa mkataba hadhi hii ni Bertrand Meyer, katika lugha yake ya Eiffel, miaka ya 1980. Kwa namba na maandishi mambo yalikuwa mepesi: unakagua kinachoingia, unakagua kinachotoka. Ugumu ulikuja kwa fanksheni zinazopokea fanksheni nyingine. Ukiletewa fanksheni na kuambiwa “hii hurudisha namba chanya daima,” utaikaguaje? Huwezi kuijaribu kwa kila namba iliyopo duniani. Mwaka 2002 Robert Bruce Findler na Matthias Felleisen walitoa jibu ambalo mpaka leo ndilo msingi wa fani hii: usiikague papo hapo, ifunge ndani ya ganda. Ganda litaandamana nayo popote inapokwenda, na kila inapoitwa litakagua kinachoingia na kinachotoka. Majina ya pande mbili huandikwa kwenye ganda tangu siku ya kufungwa, ili kosa likitokea mbali, baada ya muda mrefu, bado ijulikane nani aliahidi nini. Kwangu mimi hilo la majina ndilo lenye uzito kuliko yote katika kazi ile, na nitalirudia.

Lakini ganda ni kitu kipya ambacho hakikuwamo katika programu. Limekaa kati ya mtoaji na mpokeaji. Nani atahakikisha kwamba ganda lenyewe halichezi na kinachopita? Kwa miaka kadhaa jibu lilikuwa imani tu: mwandishi wa mkataba ni mtu mwema. Jibu lililo bora lilitoka mwaka 2012, katika makala ya T. Stephen Strickland, Sam Tobin-Hochstadt, Findler na Matthew Flatt, waliofanya kazi na lugha ya Racket. Waligawa maganda katika aina mbili na kuzipa majina ya watu. Aina ya kwanza nitaiita msindikizaji, ya pili mwigaji.

Msindikizaji kwetu ni mtu anayetembea na mgeni hadi njia panda, halafu hurudi. Akiona nyoka atapiga kelele, na pengine safari ikaishia hapo. Hafungui mzigo wa mgeni na kubadilisha kilichomo. Katika Racket jambo hili halikuachwa liwe adabu ya mtu binafsi, bali ni sheria inayosimamiwa na lugha yenyewe: alichotoa msindikizaji hulinganishwa na alichopokea, na ni lazima kiwe kilekile, au kilekile kikiwa kimeongezewa msindikizaji mwingine. Akijaribu kutoa kitu kingine, anazuiwa. Mwigaji, kwa upande wake, ana ruhusa ya kubadilisha. Unamwomba 7 naye anaweza kukupa 8. Lakini hata yeye amewekewa mpaka: haruhusiwi kukaa mbele ya data iliyotangazwa kuwa haibadiliki, maana angeifanya ionekane inabadilika na tamko lile likawa uongo.

Naisifu kazi hii kwa sababu moja. Haikusema “mikataba yetu haibadilishi chochote.” Ilisema ni mikataba ipi isiyobadilisha, ipi inayoweza kubadilisha, na mahali gani inaruhusiwa. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayedai kuwa mwaminifu na mtu anayekubali kupekuliwa mfukoni.

Tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Tazama fomu yenye sanduku la tarehe ya kuzaliwa. Mkataba wa sanduku unasema: siku, mwezi, mwaka, vyote vijazwe. Anakuja mzee kutoka Fizi ambaye anajua alizaliwa msimu wa mvua, mwaka uliotangulia uhuru wa Kongo. Hiyo ni habari ya kweli, na kwa mwanahistoria ni habari nzuri. Mkataba hauipokei. Msindikizaji halisi angesimama na kusema: “Kilicholetwa hakilingani na sharti.” Badala yake, kinachoandikwa ni 1 Januari 1959. Katika kambi na makazi mengi ya wakimbizi duniani, wasiojua siku zao za kuzaliwa hupewa 1 Januari, na Nakivale ukikusanya vitambulisho vya nyumba kumi utaona jinsi mwezi huo ulivyobarikiwa watoto. Sanduku limejaa, mkaguzi ameridhika, programu inaendelea. Lakini ganda limebadilisha mzigo. Limefanya kazi ya mwigaji huku limevaa nguo za msindikizaji, na kwa kuwa tarehe iliyoingia ina umbo la tarehe ya kweli, hakuna fanksheni yoyote huko mbele itakayoweza kujua kwamba ilikuwa makisio.

(Wakalimani wa mezani wana tatizo hilohilo. Mkalimani anatakiwa kuwa msindikizaji wa maneno. Anayelainisha jibu ili lipite ni mwigaji, hata kama amefanya hivyo kwa huruma.)

Kwa hiyo upande wa thamani zinazopita, ahadi ya kutobadilisha imetimizwa na Racket vizuri kuliko nilivyotarajia nilipoanza kusoma. Tuje kwenye yale ambayo ahadi haiyahesabu.

La kwanza ni utambulisho. Kitu kilichofungwa msindikizaji kina yaliyomo yaleyale, lakini si kitu kilekile. Programu inayouliza “je, hivi viwili vina yaliyomo sawa?” itajibiwa ndiyo. Programu inayouliza “je, hivi viwili ni kimoja?” itajibiwa hapana, ingawa bila mkataba ingejibiwa ndiyo. Wenye Racket wanalijua hilo na hawalifichi.

La pili ni muda. Racket ina ndugu yake, Typed Racket, ambamo mipaka kati ya sehemu zilizotangazwa aina za data na sehemu zisizotangazwa hulindwa kwa mikataba. Mwaka 2016 Asumu Takikawa na wenzake walipima programu kadhaa zilizochanganya sehemu hizo mbili, na baadhi ya michanganyiko ilikuwa na mwendo wa polepole zaidi ya mara 100. Matokeo yalikuwa yaleyale, ndiyo. Lakini programu iliyokuwa ikijibu kwa sekunde 1 sasa inajibu baada ya karibu dakika 2, na anayesubiri dirishani hatakubaliana na mtaalamu atakayemwambia kwamba tabia ya programu haijabadilika.

La tatu ni gumu zaidi, nalo linahusu lugha za kivivu kama Haskell, ambazo hazikokotoi kitu hadi kihitajike. Katika lugha kama hiyo unaweza kuwa na orodha ya namba za usajili isiyo na mwisho, ukachukua kumi za mwanzo tu na kuendelea na kazi. Sasa weka mkataba unaosema orodha nzima lazima ipande kutoka ndogo kwenda kubwa. Ukiikagua yote, ukaguzi hautaisha kamwe, na programu iliyokuwa ikimaliza kazi yake itakwama. Ukikagua kumi zilizoombwa tu, programu itabaki na tabia yake, lakini kosa lililoko kwenye namba ya kumi na moja utalipita. Markus Degen, Peter Thiemann na Stefan Wehr waliyapa mambo haya mawili sura ya kihisabati: kuhifadhi maana ya programu, na kukamilisha ukaguzi. Katika njia walizozichunguza hakuna iliyotimiza yote mawili. Napenda kazi yao kwa sababu inakata maneno: katika mazingira hayo, anayekuahidi ukaguzi kamili usiogusa chochote anakuuzia kitu ambacho hana.

Nisilaumu wataalamu peke yao. Sisi tunaojifunza Python tunaharibu ahadi hii kila wiki kwa mikono yetu. Python ina tamko la kuthibitisha, “assert,” ambalo tunalitumia kama mkataba wa maskini. Ukiiendesha Python kwa swichi ya O kubwa, matamko hayo yote huondolewa. Sasa mwanafunzi anaandika ndani ya tamko: mtoe wa kwanza kwenye foleni, kisha thibitisha kwamba ana kadi. Wakati wa majaribio kila kitu ni sawa. Siku ya kazi halisi swichi inawashwa ili programu iende haraka, tamko linaondoka, na pamoja nalo kile kitendo cha kumtoa mtu kwenye foleni. Foleni haisogei. Mtu wa kwanza anahudumiwa tena na tena, na wa pili atakesha. Hapa ukaguzi ulikuwa umebeba sehemu ya kazi yenyewe, na lugha haikumwonya mtu. Java nayo ina matamko kama hayo tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002, na yenyewe huyaacha yamezimwa mpaka uyawashe. Tony Hoare aliikejeli tabia hii zamani, mwaka 1973, kwa kuifananisha na mtu anayevaa jaketi la kuokoa maisha akifanya mazoezi nchi kavu na kulivua anapoingia majini. Wavuvi wa Ziwa Nakivale wataelewa mfano huo bila mhadhara.

Sasa jambo kubwa la kwanza nililosema limefichwa. Ahadi inasema: matokeo yaleyale, *au* kusimama kwa lawama. Lile “au” linapita kama kituo kidogo cha basi. Wataalamu hawahesabu kusimama kuwa ni mabadiliko ya tabia. Nawaelewa: programu iliyovunja mkataba haina tabia njema ya kuhifadhiwa. Lakini si kila kazi inaweza kusimama bila madhara. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika chini ya dakika moja baada ya kuwashwa. Namba kubwa ilishindwa kuingia katika nafasi ya biti 16, hitilafu ikatangazwa, na mfumo wa kuongoza mwelekeo ukajizima. Msimbo ule ulitoka Ariane 4, na kibaya zaidi, hesabu iliyoleta hitilafu haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuruka. Meyer na Jean-Marc Jézéquel waliandika mwaka 1997 kwamba mkataba ulioandikwa wazi ungelionyesha tatizo kabla ya safari. Sina ubishi nao katika hilo. Lakini tukio lenyewe linaonyesha pia upande wa pili: kusimama hakukuwa ukimya wa heshima. Kusimama ndiko kulikoangusha roketi.

Katika foleni ya chakula, kusimama ni mtu kurudi nyumbani na gunia tupu. Hakuna mkataba wa kihisabati unaoweza kulichukulia hilo kuwa ni jambo lililo nje ya tabia ya mfumo, kwa sababu mfumo uliwekwa ili mtu huyo apate chakula. Kwa maoni yangu hapa nadharia imeazima neno “tabia” na kulipunguza hadi likatosha kwenye uthibitisho wao. Kama uhakiki wa fasihi umetufundisha jambo, ni kuuliza neno limeachwa na nini baada ya kupunguzwa.

Uganda ina mfano wake wa ukaguzi uliofanywa kwa wingi. Mapema mwaka 2018 kulizuka tuhuma kwamba takwimu za wakimbizi zilikuwa zimetiwa chumvi, na baadhi ya maofisa wakasimamishwa kazi. Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR wakaendesha uhakiki wa nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho, kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo. Idadi iliyokuwa ikitajwa, takriban milioni 1.4, ilishuka hadi takriban milioni 1.1. Kwa lugha ya mikataba, hii ilikuwa kukagua sharti moja: kila jina lililo kwenye orodha lina mtu. Sharti lilikuwa la lazima, na zoezi lilihitajika, kwani majina hewa hula chakula cha watu walio hai. Lakini angalia kile ambacho ukaguzi wa namna hii unaweza kusema na kile usichoweza. Unasema jina hili halikupata mtu. Hausemi kama mtu huyo hakuwahi kuwapo, au alifariki, au alirudi kwao, au yuko Kampala akitafuta kibarua na hakupata nauli ya kuja siku ya zamu yake. Majibu yote manne yana umbo moja: sharti limevunjika. Tofauti ya laki tatu ilisomwa na wengi kama idadi ya udanganyifu, kana kwamba ukaguzi ulikuwa umetaja chanzo, wakati ulikuwa umetaja pengo tu.

Hapo ndipo lawama inaporudi, na ndilo jambo kubwa la pili. Mpango wa Findler na Felleisen una pande mbili, na kila kosa lazima lipate mwenyewe kati ya hizo mbili. Mwaka 2011 Christos Dimoulas, Findler, Cormac Flanagan na Felleisen waliona kwamba hesabu hii wakati mwingine humtwika mzigo asiyehusika. Mkataba wenyewe ni msimbo. Wakati wa kukagua unaweza kuitumia fanksheni vibaya, na mpango wa zamani ukamlaumu mtoaji au mpokeaji kwa kosa ambalo hakuna kati yao aliyelifanya. Wakapendekeza mkataba uhesabiwe kuwa mhusika wa tatu, mwenye jina lake, anayeweza kulaumiwa. Kichwa cha makala yao kinatamka wazi kwamba enzi ya mbuzi wa kafara imekwisha.

Nilisoma makala hiyo muda mfupi baada ya kumpeleka shangazi yangu kusajili laini ya simu katika duka moja mjini Mbarara. Shangazi amelima kwa jembe tangu utotoni, na vidole vyake vimelainika kama kokoto za mtoni. Mashine ilikataa dole gumba, ikakataa la shahada, ikakataa vyote kumi. Kijana wa dukani hakuwa na ubaya wowote. Alimwambia kwa upole, “Mama, vidole vyako vina shida.” Shangazi akaviangalia vidole vyake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hospitali wangeweza kuvitibu.

Nani alivunja mkataba pale? Shangazi alileta alichotakiwa kuleta: vidole vyake, vya kweli, kumi. Duka lilisoma kilicholetwa. Sharti lililosema “kila binadamu ana mistari ya vidole inayosomeka” ndilo lililokuwa na kosa, na ndilo pekee ambalo mashine haikuwa na neno la kulitaja. Nilidhani Dimoulas na wenzake walikuwa wamenipa neno hilo. Nilipoisoma kazi yao mara ya pili niligundua kwamba hawakunipa lote. Mhusika wao wa tatu hulaumiwa pale tu mkataba unapokwenda kinyume na masharti yaliyoandikwa katika mkataba huohuo, kwa mfano unapoiita fanksheni kwa thamani iliyokatazwa. Mkataba ulioandikwa kwa ufasaha, unaojisimamia bila hitilafu, lakini unadai jambo lisilo kweli kuhusu watu, hauna kosa katika hesabu yao. Utamlaumu aliyeleta vidole, na uthibitisho utasema lawama hiyo ni sahihi.

Huenda wataalamu watanijibu kwamba ukweli wa sharti ni kazi ya mwenye kuliandika, na kwamba hakuna hisabati inayoweza kukagua dunia. Jibu hilo nalikubali nusu. Hisabati haiwezi kujua kuhusu jembe la shangazi. Lakini ujumbe wa hitilafu unaweza kuandikwa kwa namna mbili. Unaweza kusema “alama ya kidole si sahihi,” au unaweza kusema “sharti la alama ya kidole, lililowekwa na fulani tarehe fulani, halikutimia kwa thamani hii.” Ganda la mwaka 2002 lilikuwa tayari limebeba majina ya pande mbili. Kuongeza jina la aliyeandika sharti ni mstari mmoja wa maandishi. Ungemwezesha kijana wa dukani kumpigia mtu simu, na shangazi asingepanda bodaboda kurudi amekunja mikono ndani ya kitenge.